Sorghaghtani, Mama wa Wafalme

1. Nchi ya majani

Mbali sana, upande wa kaskazini wa China, iko nchi kubwa ya majani. Miti ni michache, lakini malisho hayana mwisho. Wakati wa baridi maji ya mito huwa magumu kama jiwe, na theluji, nyeupe kama unga, hufunika nchi. Ndiyo nchi ya Wamongoli.

Zamani Wamongoli hawakujenga vijiji. Walikaa katika hema za manyoya ya kondoo, wakafuata mifugo yao: farasi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Majani yakiisha hapa, walivunja hema, wakazipakia juu ya magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakahamia pengine. Chakula chao kilikuwa nyama na maziwa.

Wanaume waliwinda na kwenda vitani. Wanawake waliendesha magari, walisimamisha hema, walikamua mifugo, walishona nguo na viatu vya ngozi. Bwana akiwa vitani mwaka mmoja au miwili, mke ndiye aliyetawala nyumba, watumishi na mifugo. Bwana akifa, mjane alishika mali mpaka watoto wakomae. Kwa hiyo wake wa wakubwa walizoea kutoa amri, na wanaume walizoea kuwasikiliza.

Katika wanawake hao, mmoja alipata sifa kubwa. Jina lake Sorghaghtani. Aliitwa pia Beki, ndilo jina la heshima la bibi wa ukoo wa kifalme.

2. Binti wa Wakereit

Sorghaghtani alizaliwa karibu mwaka 1190, katika kabila la Wakereit. Baba yake, Jakha Gambu, alikuwa mdogo wake Toghrul, mfalme wa kabila hilo.

Wakereit walikuwa Wakristu. Wazee walisimulia kwamba, karibu mwaka 1007, mfalme wao mmoja alipotea katika theluji alipokuwa akiwinda. Alikuwa amekata tamaa, ndipo mtakatifu mmoja alipomtokea, akamwahidi kumwonyesha njia kama atamwamini Kristu. Mfalme akaokoka. Akawauliza wafanyabiashara Wakristu habari za dini yao, akaomba mapadri na ubatizo.

Likatokea jambo gumu. Wakati wa Kwaresima Wakristu wa huko hawakula nyama wala kunywa maziwa. Lakini Wakereit hawakuwa na mashamba wala nafaka. Wangekula nini? Askofu akamwuliza mkuu wake aliyekaa Baghdad. Huyo akajibu kwamba waache nyama tu, na maziwa wanywe. Hivyo Wakereit waliweza kufunga bila kufa njaa.

Wakristu hao walikuwa wa Kanisa la Mashariki, ambalo halikuwa chini ya Baba Mtakatifu wa Roma. Lakini walibatizwa, waliheshimu msalaba, walisoma Injili. Sorghaghtani alilelewa katika dini hiyo, wala hakuiacha mpaka kufa kwake.

3. Anaolewa na mwana wa mshindi

Mfalme Toghrul alikuwa na rafiki kijana, jina lake Temüjin. Walisaidiana katika vita nyingi. Kisha wivu ukaingia kati yao, urafiki ukaharibika. Mwaka 1203 Temüjin akawashambulia Wakereit ghafula, akawashinda. Toghrul akakimbia, akauawa njiani na mlinzi wa kabila jingine asiyemjua.

Jakha Gambu akafanya amani na mshindi, akatoa binti zake waolewe katika ukoo wake. Sorghaghtani alipewa Tolui, mwana mdogo wa Temüjin. Alikuwa msichana tu. Kabila lake lilikuwa limevunjika, na sasa alikwenda kukaa katika hema za wale waliolivunja. Mwingine angekaa huko akilia, au akitafuta kisasi. Yeye alifanya kazi, akanyamaza, akatazama jinsi wakubwa wanavyotawala.

Mwaka 1206 makabila yote ya Wamongoli yalikubali Temüjin awe mfalme wao. Akaitwa Genghis Khan. Majeshi yake yalishinda nchi nyingi, yakachoma miji mingi, yakaua watu wengi mno.

Sorghaghtani alimzalia Tolui wana wanne: Möngke mwaka 1209, Kublai mwaka 1215, halafu Hülegü, na mwisho Ariq Böke.

Kublai alipokuwa na miaka karibu 10, yeye na mdogo wake Hülegü walikwenda kuwinda. Kublai akaua sungura, Hülegü akaua mbuzi wa mwitu. Desturi ya Wamongoli ilikuwa kumpaka mafuta kidoleni mtoto aliyeua mnyama mara ya kwanza. Babu yao Genghis Khan mwenyewe aliwapaka. Husimuliwa kwamba Kublai alimshika babu kidole kwa upole, lakini Hülegü alikivuta kwa nguvu mpaka mzee akalalamika. Mama yao alikuwa na kazi ya kuwalea watoto wenye tabia mbalimbali namna hiyo.

4. Mjane mwenye wana wanne

Genghis Khan alikufa mwaka 1227. Mwaka 1229 wakubwa walikusanyika katika mkutano wao mkuu, uitwao kuriltai, wakamsimamisha mwanawe Ögedei kuwa Khan. Tolui alimtumikia kaka yake kwa uaminifu. Lakini mwaka 1232, aliporudi kutoka vita vya China, Tolui naye akafa.

Basi Sorghaghtani akawa mjane. Mwana wake wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 23, lakini wengine walikuwa wadogo. Tolui alikuwa ameachiwa na baba yake sehemu kubwa ya jeshi na malisho ya nchi ya asili ya Wamongoli. Mali nyingi huvuta macho mengi.

Kufuatana na desturi, mjane aliweza kurithiwa na ndugu wa bwana wake. Ögedei akatuma wajumbe kwa Sorghaghtani: alitaka aolewe na Güyük, mwana wake. Hilo halikuwa shauri dogo. Kama Sorghaghtani akikubali, askari na malisho ya Tolui yatakuwa mikononi mwa Güyük, na wana wake wanne watakuwa watu wa chini katika nyumba ya mwingine. Kama akikataa kwa kiburi, Khan atakasirika, na nani ataweza kumzuia?

Sorghaghtani hakufanya haraka. Alimshukuru Khan kwa heshima aliyompa. Kisha akaeleza kwa unyenyekevu kwamba wajibu wake ni kuwalea wana wa Tolui mpaka wawe wanaume kamili, wapendane, wasitengane. Ögedei hakupata neno la kumlaumu. Akamwacha.

Baada ya hayo Khan alitwaa askari elfu kadhaa wa nyumba ya Tolui, akampa Köten, mwana wake mwingine, bila kuwauliza wakubwa wa ukoo. Majemadari wa Tolui wakawaka hasira. Walitaka kwenda kumshitaki Khan mbele ya watu wote. Sorghaghtani akawatuliza. Aliwakumbusha kwamba hawana upungufu, na kwamba askari na wao wenyewe wote ni wa Khan. Wakanyamaza. Hivyo alipoteza askari, lakini alipata rafiki, maana Köten alimpenda tangu siku hiyo. Miaka mingi baadaye, wana wa Ögedei walipogombana na wana wa Tolui, nyumba ya Köten haikuingia katika ugomvi huo.

5. Mwenye mashamba

Sorghaghtani alijua kwamba farasi na upinde havitoshi kwa kutawala. Mtu huweza kushinda nchi akiwa juu ya farasi, lakini kuitawala lazima ashuke. Kwa hiyo aliwatafutia wana wake waalimu. Kublai alifundishwa kusoma na kuandika maandiko ya Kimongoli na Mwuiguri mmoja. Baadaye Kublai alizoea kuwaita wenye elimu wa China ili asikilize mashauri yao. Mama aliwafundisha wote sheria za babu yao, akawakanya wasigombane.

Mwaka 1236 Ögedei alimpa Sorghaghtani nchi ya Zhengding, upande wa kaskazini wa China. Watu wa huko walikuwa wakulima. Wamongoli wengine walidharau kilimo. Waliona ni afadhali kuwafukuza wakulima na kugeuza mashamba kuwa malisho ya farasi. Sorghaghtani aliona mbali kuliko wao. Mkulima anayeachwa alime kwa amani atavuna kila mwaka, na kila mwaka atalipa kodi. Mkulima anayenyang'anywa atakimbia, na shamba litabaki pori. Kwa hiyo aliwaacha watu wake walime.

Kublai alijifunza jambo hilo kwa taabu. Naye alipewa nchi yake huko China, lakini mwanzoni hakuisimamia mwenyewe. Watumishi wa serikali wakadai kodi nyingi mno, na watu wengi wakahama. Alipopata habari, akawaondoa watumishi wabaya, akapunguza mizigo ya watu, nao wakaanza kurudi. Tangu hapo akafuata njia ya mama yake.

Sorghaghtani alikuwa Mkristu, lakini hakuwatesa watu wa dini nyingine. Mji wa Bukhara, mji wa Waislamu, ulikuwa umeharibiwa na Genghis Khan mwaka 1220. Sorghaghtani alitoa vipande 1000 vya fedha ili shule ijengwe huko, akaamuru vijiji vinunuliwe kwa kuwalisha waalimu na wanafunzi. Waandishi Waislamu wa zamani walimsifu kwa ukarimu huo.

6. Mikono safi

Ögedei alikufa mwishoni mwa mwaka 1241. Mjane wake Töregene alishika serikali miaka karibu mitano. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu na akili, lakini wakati wake mambo mengi yaliharibika. Wakubwa wengi walitoa amri zao wenyewe, wakatoza watu kodi, wakachukua farasi na mali kama walivyopenda, kwa kuwa hakukuwa na Khan wa kuwazuia.

Mwaka 1246 kuriltai ilimsimamisha Güyük, mwana wa Töregene. Ndipo mambo yalipochunguzwa. Kila mkubwa akaonekana ametoa amri zisizo halali, akaona haya. Ni Sorghaghtani na wana wake tu walioonekana hawakuvunja sheria. Güyük aliwasifu mbele ya wote.

Siku hizo alikuwako mgeni aliyetoka mbali. Papa Innocent IV alikuwa amemtuma Padri Giovanni da Pian del Carpine, wa shirika la Mtakatifu Fransisko, apeleke barua kwa mfalme wa Wamongoli. Padri huyo alikuwa na miaka zaidi ya 60. Aliondoka Lyon, mji wa Ufaransa, mwezi wa Aprili 1245, akafika kambi ya Khan mwezi wa Julai 1246, akiwa amechoka na kukonda. Aliporudi aliandika kitabu juu ya yale aliyoyaona. Katika kitabu hicho alimtaja Sorghaghtani kuwa mwanamke mwenye sifa kubwa kati ya Wamongoli, ila mama wa Khan tu alimzidi. Na kwa uwezo hakuna aliyemshinda ila Batu.

7. Habari ya siri

Batu alikuwa nani? Alikuwa mjukuu wa Genghis Khan, mtawala wa nchi za magharibi mpaka Urusi. Yeye na Güyük walichukiana tangu zamani, walipogombana katika vita vya Urusi. Lakini Möngke, mwana wa Sorghaghtani, alipigana katika vita hivyo pamoja na Batu, wakawa marafiki.

Mwaka 1248 Güyük alisafiri kwenda magharibi pamoja na jeshi kubwa. Alisema kwamba anatafuta hewa nzuri kwa sababu ya ugonjwa wake. Sorghaghtani hakudanganyika. Alifahamu kwamba Khan anataka kumshambulia Batu ghafula. Afanye nini? Akinyamaza, Wamongoli watauana ndugu kwa ndugu. Akituma habari na mjumbe akikamatwa, yeye na wana wake watauawa.

Akamtuma mjumbe kwa siri. Batu akajiweka tayari. Lakini vita havikutokea, maana Güyük alikufa njiani mwaka huohuo. Batu hakusahau wema wa mjane huyo.

8. Möngke anakuwa Khan

Sasa serikali ilishikwa na mjane wa Güyük, jina lake Oghul Qaimish. Huyu hakuwa na busara. Aliketi pamoja na waganga, na wana wake walimpinga. Nchi ikakosa mtawala wa kweli.

Batu akawaita wakubwa wote kwake, maana alikuwa na ugonjwa wa miguu. Wengi wa ukoo wa Ögedei walikataa, wakisema kwamba mkutano lazima ufanyike katika nchi ya Genghis Khan. Sorghaghtani akamwambia Möngke aende upesi kumtazama mgonjwa. Möngke akaenda pamoja na ndugu zake. Batu akafurahi, akamchagua Möngke awe Khan, kwa kuwa alikuwa hodari vitani na mwenye kushika sheria.

Lakini ilibaki kazi kubwa: kuwavuta wakubwa wote wakubali katika kuriltai ya nchi ya asili. Kazi hiyo aliifanya Sorghaghtani. Alituma wajumbe pande zote, akatoa zawadi, akasema na kila mtu kwa maneno mazuri. Wengine walikuja, wengine walikawia kwa makusudi. Mwisho, tarehe 1 Julai 1251, Möngke akasimamishwa kuwa Khan. Watu wakala na kunywa siku nyingi.

Wakati wa karamu, mtunza vipanga mmoja wa Möngke alikwenda kutafuta mnyama wake aliyepotea. Njiani akakuta magari mengi. Kijana mmoja akamwomba amsaidie kutengeneza gari lililovunjika. Alipoinama kumsaidia, akaona kwamba ndani ya gari hamna vyakula vya karamu bali silaha. Akauliza maswali kwa werevu, akajua kwamba wajukuu wa Ögedei wanakuja kuwaua Möngke na watu wake walevi. Akapanda farasi, akapita mwendo wa siku tatu kwa siku moja, akawapasha habari. Wenye hila wakakamatwa.

Hukumu ilikuwa kali kupita kiasi. Wakubwa wengi waliuawa. Oghul Qaimish naye aliletwa kwenye hema za Sorghaghtani kushitakiwa, kisha akauawa. Hapa, watoto, hatuwezi kuwasifu washindi. Sorghaghtani alikuwa amewatuliza majemadari wenye hasira, akaokoa amani mara nyingi. Lakini siku nyumba yake ilipopata nguvu zote, adui zake hawakuonewa huruma. Kusamehe ni kugumu zaidi kwa mtu aliyeshinda kuliko kwa mtu aliyeshindwa.

9. Kufa kwake, na yaliyofuata

Sorghaghtani alikufa mwanzo wa mwaka 1252, akiwa na miaka karibu 60. Alikuwa ameona mwana wake akitawala.

Möngke alitawala mpaka alipokufa vitani China mwaka 1259. Hülegü aliuteka Baghdad mwaka 1258, akatawala Uajemi. Bibi yake Doquz, Mkereit na Mkristu, aliwaombea Wakristu wa Baghdad, nao wakaokolewa. Kublai na Ariq Böke waligombea ufalme tangu 1260 mpaka 1264, na Kublai akashinda. Mama aliyewakanya wasigombane hakuwako tena. Kublai ndiye aliyeitawala China yote tangu mwaka 1279, akawa mmoja wa wafalme wakubwa wa dunia. Mwaka 1294, baada ya kufa kwake, Mfransisko mwingine, Giovanni da Montecorvino, alifika katika mji mkuu wake, akajenga kanisa, akawa askofu mkuu wa kwanza wa Peking.

Wajukuu hawakumsahau bibi yao. Mwaka 1335, miaka zaidi ya 80 baada ya kufa kwake, kumbukumbu yake ilikuwa bado ikiadhimishwa katika kanisa la Wakristu la Ganzhou, magharibi mwa China.

Sorghaghtani hakuongoza jeshi, wala hakukaa mwenyewe kitini pa Khan. Alipewa kwa mume bila kuulizwa, akafiwa na bwana mapema, akazungukwa na watu waliotaka mali yake. Alishinda kwa uvumilivu, kwa neno lililopimwa, kwa kuwatendea haki watu wake, na kwa kuwafundisha watoto wake. Wasichana na wavulana mnaosoma habari hii, mfuateni katika mambo hayo. Na pale alipokosa huruma, mfuateni Kristu, ambaye jina lake yeye mwenyewe alilichukua.

Maswali

1. Wanawake wa Wamongoli walifanya kazi gani? Kwa nini walizoea kutoa amri?
2. Wakereit walipataje dini ya Kristu? Walifungaje Kwaresima?
3. Kwa nini Sorghaghtani alikataa kuolewa na Güyük? Alikataa namna gani?
4. Eleza kwa nini ni vizuri kumwacha mkulima alime kwa amani.
5. Padri Giovanni da Pian del Carpine alitumwa na nani? Alisafiri muda gani?
6. Kumpasha Batu habari kulikuwa na hatari gani?
7. Mtunza vipanga aligundua nini, na alifanya nini?
8. Andika mambo matatu unayoyasifu katika maisha ya Sorghaghtani, na jambo moja usilolisifu.